Mlango wa Bahari na Mlango wa Bara

Kila yanapozuka maradhi ya kuambukiza, hoja moja huzuka pamoja nayo: je, kuwafungia watu majumbani, kuzizuia meli zisitie nanga na kuzikata njia zisipitwe, hupunguza kasi ya maradhi, au huwaongezea tu wanyonge dhiki juu ya dhiki waliyo nayo? Wengi walioisikia mwaka 2020, wakati UVIKO-19 ulipokuwa ukizunguka dunia na serikali zikipokezana amri, waliidhania kuwa ni hoja ya zama zetu, na watetezi wa pande zote mbili wakaisemea kana kwamba hakuna aliyewatangulia. Ilhali pwani hii ya Afrika Mashariki, ambayo tangu enzi za kale imeishi kwa wageni na bidhaa za wageni, imeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara imelijibu kwa gharama ya roho za watu. Na mwenye kuzifuata habari zile kwa taratibu ataona kwamba waliobishana juu ya kufunga na kutofunga walikuwa, aghalabu, wakibishana pembeni ya jambo lenyewe, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa ni kujua maradhi yanapita mlango gani.

Mwishoni mwa mwaka 1869, Sayyid Majid bin Said akiwa hajabakisha hata mwaka mmoja wa uhai wake, kipindupindu kiliingia mjini Unguja. Haikuwa mara ya kwanza. Wazee waliukumbuka waba wa mwaka 1821, na ule wa miaka ya 1836 na 1837, na wa tatu wa miaka ya 1858 na 1859, ambao Mwingereza Richard Burton aliukuta Kilwa ukiwateketeza watu. Lakini safari hii alikuwapo mjini tabibu wa Kiskoti aitwaye James Christie, aliyekuwa akimtibu Sultani na watu wake, naye hakuridhika na kuhesabu maiti. Alitaka kujua ugonjwa umetoka wapi na umepita njia gani. Akawauliza manahodha, akawauliza viongozi wa misafara na wafanyabiashara wa bara, akayalinganisha masimulizi yao na tarehe za misimu na za mahujaji, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, kitabu ambacho hata leo hakijapoteza heshima yake.

Aliyoyagundua yalikuwa ya ajabu kwa watu wa mji wa bahari. Ugonjwa ule haukuja kwa jahazi wala kwa stima kutoka ng'ambo. Ulizagaa Makka katika msimu wa hija wa mwaka 1865, ukavuka Bahari ya Shamu, ukapita Uhabeshi na nchi za Waoromo na Wasomali, ukawafikia Wamasai, na kutoka Umasaini ukateremka pamoja na misafara mpaka Pangani. Na Pangani na Unguja, kama ajuavyo kila baharia, ni mwendo mfupi kwa upepo mwema. Miaka minne mizima ulikuwa ukitembea kwa miguu ya watu na ya wanyama, pole pole, kituo kwa kituo, huku mji ambao riziki yake yote ilitazama bahari ukiwa haujui kinachoujia kutoka nyuma. Waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Kisha ugonjwa ukatoka mjini kwa milango mingine: ukafuata majahazi ya kusini hadi Kilwa na Komoro, na ukafuata wapagazi wa njia ya Tabora mpaka Ujiji, hata David Livingstone, aliyekuwa amekwama Manyema akisubiri vifaa alivyoletewa na balozi John Kirk, akapata habari kwamba waba umewaua baadhi ya wapagazi waliokuwa wakimletea mizigo yake.

Tuseme sasa kwamba Sayyid Majid angepewa shauri la kuifunga bandari. Angeweza? Forodha yote ya mrima na visiwa ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya Kihindi ya Jairam Shivji, iliyomlipa Sultani kodi ya mwaka na kumkopesha alipopungukiwa. Na pembe, karafuu, sandarusi na vitambaa vya Marekani na vya Bombay vilikuwa vimefungamana kwa mikopo iliyoanzia Kutch na kuishia Unyanyembe, kiasi kwamba kuizuia meli moja kwa siku arobaini kulikuwa ni kuzuia malipo ya watu mia katika nchi tatu. Na hata kama angethubutu, angefunga mlango usiokuwa na mwizi. Bandari ingekaa kimya, mahamali wangekosa ujira, na ugonjwa ungeshuka kwa utulivu na watu wa Pangani. Tena ugonjwa wenyewe, ukishaingia, haukuhitaji mtu kuvuka barabara: ulikuwa kisimani. Mwaka 1854 John Snow alikwisha kuonyesha jijini London kwamba kipindupindu hunywewa na maji, na mwaka 1884 Robert Koch akamtambua mdudu wake, walakini baina ya miaka hiyo miwili matabibu wengi wakubwa wa Ulaya walishikilia kwamba ni hewa chafu. Kilichowafaa watu wa Unguja kuliko amri yoyote ya kufunga ni ule mfereji ambao Sayyid Barghash, nduguye Majid na mrithi wake, aliuleta kutoka Chemchem hadi mjini, maji yakapita ndani ya mabomba. Na nadhani si dhuluma kusema kwamba bomba lile liliwaokoa watu wengi kuliko karantini zote zilizofuata.

Lakini isidhaniwe kwamba watu wa pwani walikuwa hawana fikra za kujikinga mpaka walipoletewa na wageni. Ndui ilipoingia, mgonjwa alijengewa kibanda nje ya mji, akauguzwa na mtu aliyekwisha kuugua akapona, mwenye makovu usoni, kwa sababu ilijulikana kwamba huyo hashikwi tena. Na hiyo ni karantini kamili isiyokuwa na askari wala hati. Kwa upande wa pili, ilikuwapo desturi ya kuuzungusha mji ng'ombe, huku watu wakimfuata kwa visomo na dua, kisha akachinjwa na nyama ikagawiwa, ili balaa liondoke. Desturi moja iliwatenga watu, na nyingine iliwakusanya, na sijapata kusoma mahali popote kwamba wenye mji walizikuta zinapingana.

Waliokuwa na elimu ya vitabu walijua kwamba mgongano huo umo katika historia ya Uislamu tangu mwanzo wake. Mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na mwaka 639, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa akielekea Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akakutwa na majemadari wake, miongoni mwao Abu Ubaida bin al-Jarrah, wakampa habari kwamba tauni imezuka katika nchi. Umar akawataka ushauri Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawataka Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na neno moja, kwamba arudi na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, na Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akapiga mfano wa mchungaji mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye ubavu wa majani na ubavu mkavu, ambaye popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Ndipo akatokea Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo shaurini, akasema kwamba amemsikia Mtume akikataza kuiingia nchi iliyoshikwa na tauni, na kadhalika akikataza kuitoka nchi hiyo kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu, akageuza. Abu Ubaida akarudi kwa askari wake, akafa kwa tauni ile ya Amwas, na baada yake akafa Muadh bin Jabal. Kisha amri ikamfikia Amr bin al-As, naye akawaambia watu watawanyike milimani, na ugonjwa ukapungua.

Mwenye kuitazama habari hii kwa jicho la mabishano yetu ataona mambo mawili yasiyosemwa mara nyingi. La kwanza ni kwamba amri ile ina pande mbili, na upande wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, kwani kumwambia mzima asiingie ni rahisi, lakini kumwambia aliyemo asitoke ni kumtaka aukubali msiba kwa ajili ya watu asiowajua. La pili ni kwamba waliobishana walikuwa masahaba wote, wenye imani isiyotiliwa shaka. Kwa hiyo si kweli, kama tulivyosikia watu wakisema, kwamba anayefunga ni mwenye imani haba na asiyefunga ndiye mwenye tawakali. Karne nane baadaye, mwanachuoni wa Misri Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimfishia mabinti zake watatu, aliandika kitabu juu ya tauni, na ndani yake ametaja kwamba mwaka 833 wa Hijra, watu wa Kairo walipokuwa wakifa wasiotimia arobaini kwa siku, walifunga saumu siku tatu, kisha wakatoka halaiki kwenda jangwani kuomba, wakarudi mjini, na kabla ya mwezi kwisha waliokufa kwa siku walizidi elfu moja. Ibn Hajar hakuikataa dua, maana yeye mwenyewe alikuwa kadhi mkuu na mhadithi wa daraja ya juu; aliyaona makusanyiko hayo kuwa hayana usuli, na akaiandika hesabu kama alivyoiona, bila ya kuipamba.

Huko Ulaya mabishano yalikuwa ya namna nyingine, kwa kuwa yalikuwa mabishano ya wafanyabiashara. Mji wa Ragusa, katika pwani ya Adriatiki, ulikuwa wa kwanza, mwaka 1377, kuwaamuru wageni kutoka nchi za tauni wakae nje ya mji siku thelathini. Venice ikaufuata kwa kisiwa chake mwaka 1423. Na siku zikawa arobaini. Lakini kufikia karne ya kumi na tisa Uingereza, yenye meli nyingi kuliko wote, ilikuwa imeichukia karantini chuki ya mwenye duka kwa mtu anayesimama mlangoni mwake, na katika mikutano ya kimataifa ya afya iliyoanza Paris mwaka 1851, wajumbe wake walijitahidi sana kuonyesha kwamba kipindupindu hakizuiwi kwa kuzuia meli. Mkutano wa Istanbul wa mwaka 1866, ulioitishwa kwa ajili ya waba ule ule wa Makka, ukaamua kwamba ugonjwa huchukuliwa na watu. Na hatimaye Waturuki wakajenga kituo katika kisiwa cha Kamaran, kusini mwa Bahari ya Shamu, ambako kuanzia mwaka 1882 mahujaji waliokuja kutoka upande wa Bahari ya Hindi walishushwa, wakafukiziwa nguo zao na kukaa siku walizoamriwa kabla ya kuendelea na safari ya Jidda. Mahujaji walinung'unika kwa gharama na kwa jua. Ni sawa walivyonung'unika; lakini hija nazo ziliendelea.

Kisha mwaka 1896 tauni ikazuka Bombay, na hapo Waingereza wa Unguja, waliokuwa wamekwisha kuutwaa mji chini ya hifadhi yao, wakageuza rai. Stima za Bombay zilikuja kila mwezi, na majahazi ya Kutch yalikuja na kaskazi. Mbele ya mji, mahali panapoonekana na kila mtu aliyesimama Forodhani, palikuwa na kisiwa kidogo cha Changuu, ambacho Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani, alikinunua mwaka 1893 akajenga jela juu yake. Jela ile haikupata kufungiwa mfungwa hata mmoja. Badala yake ikawa nyumba ya karantini, abiria wakakaa humo kati ya wiki moja na mbili wakitazamwa na tabibu, na kituo hicho kikawa cha nchi zote za Waingereza za Afrika Mashariki. Hata leo watalii hupelekwa kuwatazama makobe wakubwa waliotoka Shelisheli, wakaonyeshwa kuta na kuambiwa habari za wafungwa. Wachache huambiwa kwamba waliolala ndani ya kuta hizo walikuwa wasafiri wazima, waliokosa jambo moja tu, nalo ni kutoka bandari yenye tauni.

Je, Changuu kiliuzuia ugonjwa? Kiliuchelewesha, kwa dhana yangu, na hakikuuzuia, kwani mwaka 1905 tauni ilionekana mjini. Na sababu si uzembe wa wenye karantini. Alexandre Yersin alikwisha kumwona mdudu wa tauni Hong Kong mwaka 1894, lakini mpaka Paul-Louis Simond alipofanya majaribio yake Karachi mwaka 1898, hakuna aliyejua kwamba kiroboto wa panya ndiye mwenye kuupeleka. Na hata Simond aliposema, ilipita miaka kabla ya kusadikiwa. Basi huku abiria akihesabiwa siku zake kisiwani, panya walishuka kwa kamba za nanga na kwa magunia ya mchele, bila ya kuulizwa cheti. Mjini Nairobi, tauni ilipoonekana katika bazaa ya Wahindi mwaka 1902, mkuu wa matabibu aliamuru bazaa yote ichomwe moto. Watu walipoteza maduka yao. Panya, nadhani, hawakungoja moto uwafikie.

Kibaya zaidi kilitukia India yenyewe. Sheria ya Magonjwa ya Mlipuko ya mwaka 1897 iliwapa maofisa uwezo wa kuingia nyumba za watu na kuwatoa wagonjwa, na mjini Poona askari wa Kiingereza walitumwa kupekua vyumba, hata vya wanawake, na kutupa vyombo barabarani. Watu wakawaficha wagonjwa wao, wakawazika kwa siri, na mwezi wa Juni mwaka huo ofisa aliyesimamia kazi hiyo, W. C. Rand, akapigwa risasi na ndugu wa ukoo wa Chapekar. Habari hizi zilifika Unguja na Mombasa kwa barua, katika nyumba za Mabohora, Makhoja na Mabaniani, na mtu anayeshangaa kwa nini Wahindi wa pwani waliikimbia sana karantini miaka iliyofuata, na azitazame barua hizo katika fikra zake.

Mwaka 1918 ulileta ugonjwa ambao mlango wake ni pumzi. Homa ya mafua iliyoitwa ya Kihispania iliingia Mombasa mwezi wa Septemba kwa meli iliyotoka Bombay, na ikaikuta nchi katika hali mbaya kuliko zote, kwani vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vinakwisha, na wapagazi wa jeshi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo, walikuwa wakirudi makwao kwa maelfu, wamekonda na wamechoka. Reli iliyojengwa kwa miaka mitano iliupeleka ugonjwa hadi ziwani kwa siku chache. Kwa makisio ya watafiti, Kenya peke yake ilipoteza watu wapatao 150,000. Hapakuwa na mtu wa kuwafungia wapagazi mlango. Na kusema kweli, ni nani angewaambia watu waliobebeshwa mizigo kwa miaka mitatu wasiende nyumbani?

Lakini mwaka huo huo ulitoa ithibati ambayo waandishi wa hoja hii hawawezi kuiacha, nayo iko mbali nasi, katika visiwa vya Samoa. Samoa ya Magharibi ilikuwa mikononi mwa New Zealand, na Samoa ya Mashariki mikononi mwa Marekani. Watu ni wamoja, lugha ni moja, na baina ya Apia na Pago Pago ni maili zisizotimia mia. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune, iliyotoka Auckland, iliwasili Apia ikiwa na wagonjwa, na ikaruhusiwa kuteremsha abiria. Katika wiki chache wakafa watu wapatao 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano. Upande wa pili, gavana John Martin Poyer, baada ya kusikia habari kwa simu ya upepo, akaifunga bandari ya Pago Pago, akaamuru kila meli ikae karantini, na wenyeji wenyewe wakalinda fukwe zao kwa mitumbwi ili jamaa zao wa magharibi wasivuke usiku. Hakufa hata mtu mmoja kwa homa ile. Poyer akamwambia mwenzake wa Apia, Robert Logan, kwamba yuko tayari kumpelekea matabibu, lakini Logan hakumjibu. Mwaka 2002 waziri mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba radhi Wasamoa kwa mambo hayo na mengineyo.

Huu ndio ushahidi bora wa wanaosema kufunga kunafaa, na mimi ni miongoni mwao kwa kiasi hiki: kwamba mlango ulikuwa mmoja, ulijulikana, ulifungwa kabla ya mgeni kuingia, na waliofungiwa ndani walikuwa na samaki na mashamba yao. Ondoa moja katika hayo manne, na hesabu inabadilika. Huko Marekani kwenyewe, mji wa Philadelphia, uliofanya gwaride kubwa tarehe 28 Septemba 1918, ulipatwa katika kilele chake na vifo 257 kwa wiki katika kila watu 100,000, ilhali St. Louis, ambako tabibu wa mji Max Starkloff alizifunga shule, makanisa na majumba ya michezo mapema mwezi wa Oktoba, kilele chake, amri hizo zilipokuwapo, hakikupita 31. Lakini St. Louis ilipofungua mwezi wa Novemba, ugonjwa ulirudi, ikabidi ifunge tena. Ndiyo kusema kwamba mji wa bara hauzuii. Hununua muda, na muda una bei yake.

Ya mwaka 2020 wasomaji wanayakumbuka, na nitayapitia kwa haraka ila pale penye jambo. Rwanda ilifunga tarehe 21 Machi, Uganda ikafuata mwishoni mwa mwezi. Kenya ikaweka kafyu, kisha mwezi wa Aprili ikakataza watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Na mwezi wa Mei, katikati ya Ramadhani, ikaufunga Mji wa Kale wa Mombasa pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Saudi Arabia ilizuia umra tangu mwezi wa Februari, na hija ya mwaka huo wakahiji wakazi wa ufalme tu, wachache mno. Tanzania ilifunga shule na vyuo, ikasimamisha ndege za abiria kwa muda, lakini misikiti na makanisa yakabaki wazi, masoko yakabaki wazi, na Rais Magufuli akatangaza siku tatu za maombi mwezi wa Aprili. Na baada ya hesabu ya wagonjwa 509 na vifo 21, hesabu yenyewe ikakoma kutolewa.

Kukoma huko kuliidhuru hoja kuliko kulivyoidhuru karantini. Walioshabikia mwendo wa Tanzania walisema kwamba mama ntilie, kuli na mchuuzi wa Kariakoo hawakulala na njaa kwa amri ya serikali, na hilo ni kweli lisilofichika. Waliolaumu wakasema kwamba watu walikuwa wakizikwa kwa homa ya mapafu isiyotajwa jina, na hilo nalo lilijulikana na wengi waliohudhuria mazishi ya miezi ya mwanzo wa mwaka 2021. Lakini wala hawa wala wale hawakuwa na nambari ya kuweka mezani. Ibn Hajar, katika mji uliokuwa hauna ofisi ya takwimu, alikuwa nayo.

Kwa upande wa waliofunga, lipo tukio moja ambalo kwangu linasema mengi. Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya Kenya, abiria wa kivuko cha Likoni, waliotoka kazini kisiwani Mombasa wakitaka kuwahi upande wa pili kabla ya saa moja ya usiku, walijazana kwenye gati kwa maelfu, na askari wakawapiga marungu na kuwarushia mabomu ya machozi, wakakohoa na kulia pamoja, pumzi kwa pumzi. Amri iliyowekwa ili watu wasisongamane ndiyo iliyowasonganisha, kwa kuwa aliyeiandika hakukumbuka kwamba mji ule unavukwa kwa pantoni. Na mipakani, Namanga, Holili na Malaba, madereva wa malori walilala siku nyingi foleni wakingoja majibu ya vipimo, wakila pamoja na kulala pamoja, mpaka serikali zikaafikiana wapimwe makwao kabla ya kuondoka. Mlango ulikuwa ni dereva. Kumweka mlangoni hakukuufunga.

Muda ulionunuliwa ulifaa nini? Mjini Kigali na Kampala serikali ziligawa unga na maharage kwa wasioweza kutoka kutafuta, na hilo lastahili kuhesabiwa. Hospitali zilipata nafasi ya kujifunza ugonjwa. Chanjo za kwanza zilifika Kenya na Rwanda mwanzoni mwa Machi 2021. Tanzania, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilianza kuchanja mwishoni mwa Julai mwaka huo. Kwa mzee ambaye ugonjwa ulimfikia baada ya sindano badala ya kabla, mwaka mmoja wa kuchelewesha haukuwa kitu kidogo. Lakini katika daftari hilo hilo lazima iandikwe Uganda, ambayo ilizifunga shule mwezi wa Machi 2020, ikafungua madarasa machache na kuyafunga tena, na haikuzifungua zote mpaka tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, wanafunzi wapatao milioni 15 wakiwa nje, ilhali masoko ya Kampala yalikwisha kufunguliwa zamani, na wafanyabiashara wakapanda na kushuka kila siku pamoja na ugonjwa wao. Miongoni mwa wasichana waliotoka darasani mwezi ule wa Machi, wapo waliorudi na mtoto mgongoni, na wapo ambao hawakurudi. Na mtu yeyote atakayekuja kuniuliza kama kufunga kulifaa, nitamwomba kwanza aniambie hao amewaandika upande gani wa hesabu.